Mti Namba 412

Ipo nchi moja ambayo hutaikuta kwenye atlasi, maana atlasi yake bado iko mezani kwa mkubwa fulani ikisubiri muhuri, na mkubwa mwenyewe yuko safarini. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Wala asichungulie dirishani kwake. Siyo hiyo.

Katika nchi hiyo ulikuwapo mtaa uitwao Matofalini, na kwenye baraza ya nyumba moja ya mtaa huo aliketi fundi cherehani, binti wa miaka ishirini na sita, jina lake Mwasiti Shebe. Alikuwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa fomu zenye nakala tatu, aliogopa watu wanaobisha hodi wakiwa na kalamu mkononi. Mteja akilalamika kwamba suruali inambana, Mwasiti ndiye aliyeomba radhi, hata kama suruali ilikuwa ile ile na aliyebadilika ni mteja. Aliishi na baba yake, Mzee Shebe, aliyekuwa fundi baiskeli mpaka mgongo ulipokataa kunyooka. Mzee alikuwa na kifua kibovu na mdomo mzima. Mwasiti hakuwa na mtu mwingine duniani.

Mambo yote yalianza na penseli.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na kitabu kizuri chenye jalada la kijani, Sera ya Taifa ya Changamoto na Fursa za Tabianchi. Kurasa za changamoto zilikuwa tatu. Zilizobaki zote zilikuwa za fursa. Na fursa kubwa kuliko zote ilikuwa hii: makampuni ya ng'ambo yenye moshi mwingi yalikuwa tayari kununua hewa safi ya nchi hiyo, bila hata kuihamisha. Wao wangeendelea kufuka kule, msitu ungeendelea kusimama huku, na dunia ingepona. Kilichotakiwa ni msitu tu.

Msitu ulikuwapo, ule wa milimani. Lakini siku ya kuchora ramani ikagundulika kwamba milima ilishapewa mwekezaji wa kokoto, naye alikuwa amefika katikati ya mlima wa tatu. Mchoraji, mtumishi mtiifu, akausogeza msitu kidogo kulia. Kulia kulikuwa na shamba la Mheshimiwa. Akausogeza kushoto. Kushoto kulikuwa na shamba la shemeji yake Mheshimiwa. Akaushusha chini. Chini palikuwa na Matofalini, ambapo hapakuwa na Mheshimiwa yeyote. Akapapaka rangi ya kijani, ramani ikapanda juu, ikatiwa sahihi, ikagongwa muhuri.

Na katika nchi hiyo ramani ikishagongwa muhuri haikosei. Inayokosea ni ardhi, nayo hurekebishwa. Miaka ya nyuma mchoraji mwingine alipitiwa na usingizi, penseli ikateleza, ukatokea mto mahali pakavu. Daraja likajengwa, zuri, la zege, na mpaka leo mtu akipita chini yake kwa miguu anakamatwa kwa kuogelea bila kibali.

*

Gari la matangazo likawaita watu wote kwenye uwanja wa shule. Jukwaani alisimama Ndugu Ezekia Fumbwe, Mratibu Mkuu wa Changamoto na Kaimu Mkurugenzi wa Fursa, mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Ndugu miti!" akaanza.

Watu wakageuka nyuma kuona anayesalimiwa ni nani.

"Ndugu miti na miche, hamjambo?"

"Hatujambo, shoka!" Mzee Shebe akaitikia.

Uwanja ukaangua kicheko. Mwasiti akamfinya baba yake mkono mpaka mzee akajuta. Ndugu Fumbwe hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri mvua ipungue ili aendelee na kazi yake, na Mwasiti akaona kwamba alikuwa amemtazama mzee na kuandika kitu.

"Kuanzia Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi," akasema Ndugu Fumbwe, "hapa mliposimama ni msitu. Na kitu kilichosimama msituni, kwa mujibu wa kanuni ya kwanza, ni mti."

Fundi viatu mmoja akanyoosha mkono. "Samahani, Mheshimiwa. Sisi mbona ni watu?"

"Swali zuri sana. Hupumui wewe?"

"Napumua."

"Mti nao unapumua. Hunywi maji?"

"Nakunywa, yakitoka."

"Hata mti unakunywa yakitoka. Tofauti zilizobaki ni za kiutekelezaji, na kamati inazishughulikia."

Kisha akasoma kanuni. Mti hauhami. Lakini kwa kuwa serikali ina utu, mti utaruhusiwa kuyumba. Kutoka nyumbani hadi bombani ni kuyumba. Kwenda msalani ni kuyumba. Kuvuka barabara kuu ni kung'oka, na mti uliong'oka haurudishiwi mahali pake, unapasuliwa. Mti usivae kijani, maana kijani ni rangi ya maofisa wa msitu, na kuivaa bila cheo ni kujifanya ofisa. Mti usichume jani lolote, hata la mchicha, maana huo ni uharibifu wa mazingira.

Jani lenyewe Matofalini lilikuwa la kutafuta. Mti halisi mtaani pale ulikuwa mmoja tu, mkungu wa pale dukani, na maofisa walikuwa wameshaukata asubuhi hiyo kupata nguzo za bango. Bango lilisomeka: HIFADHI YA MSITU. USIKATE MITI.

"Na biashara zetu, Mheshimiwa?" akauliza Bi Chausiku, muuza maandazi, jirani yake Mwasiti.

"Hiyo ni changamoto," akasema Ndugu Fumbwe kwa huzuni kubwa. "Msituni hakuna biashara." Kisha uso wake ukang'aa. "Lakini palipo na changamoto hapakosi fursa! Maofisa wangu wanahitaji magwanda ya kijani. Nani fundi hapa?"

Vidole vyote vikamwelekea Mwasiti.

"Wewe binti. Unashona?"

"Nashona, Mheshimiwa."

"Hapana. Kushona ni biashara. Fikiria tena."

Mwasiti akafikiria.

"Wewe ni mti," Ndugu Fumbwe akamsaidia. "Mti haushoni. Unachipua."

Akamwandikia Kibali cha Kuchipua, nakala tatu. Jioni yake zikaletwa jora za kitambaa cha kijani, na wanawake wa mtaani wakapita kumpongeza. "Shoga, umepata tenda ya serikali! Sasa usitusahau." Mwasiti akatabasamu, akawashukuru, na hakula chakula chake.

*

Wiki ya pili waliingia maofisa na ndoo mbili za rangi. Nyeupe ilikuwa ya namba. Kila mtu aligeuka, akaandikwa mgongoni, juu ya nguo, kwa brashi ya kupakia nyumba. Mzee Shebe akawa mti namba 412. Mwasiti akawa 413.

"Afadhali wewe," mzee akamwambia. "Yangu imekaa upande. Nitaonekana kama pikipiki ya wizi."

Ndoo ya pili ilikuwa ya rangi nyekundu, na hiyo watu walikuwa wakiijua toka zamani. Ndiyo rangi iliyochora alama ya X kwenye nyumba za kando ya barabara, kabla ya tingatinga kuja. Maofisa waliwagonga wazee kifuani kwa vifundo vya vidole, wakatega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Ukisikika mlio mzuri unapita. Ukisikika uwazi, umekauka, na X inachorwa.

Wa kwanza kuchorwa alikuwa Mzee Bofu, mumewe Bi Chausiku, mti namba 118. Lori likamchukua asubuhi, akaaga kwa mzaha kwamba anakwenda kuona wajukuu. Hakuna aliyesema lori linakwenda wapi. Siku tatu baadaye lori likarudi kwa Bi Chausiku na barua na nusu gunia la mkaa. Barua ilisema kwamba kwa mujibu wa sera, mazao ya mti ulioondolewa hurudishwa kwa jamii, na kwamba serikali inamshukuru kwa mchango wake katika kupoza dunia.

Ule ulikuwa mkaa wa kawaida tu. Kila mtu mtaani alisema hivyo, na kila mtu alisema kwa sauti ya chini. Bi Chausiku hakuuwasha. Aliliweka gunia sebuleni, kwenye kiti cha mumewe, akalifunika kanga. Alianza kukaanga maandazi kwa vijiti na makaratasi, na watu walipoingia kwake walilisalimia gunia kabla hawajajua wanafanya nini.

Jumatatu ya wiki ya tatu maofisa wakafika barazani kwa Mwasiti. Walikuwa wamevaa magwanda aliyowashonea mwenyewe, na yaliwakaa vizuri. Mmoja akamgonga Mzee Shebe kifuani. Mzee akakohoa. Akakohoa muda mrefu, ameshika mguu wa cherehani, na alipomaliza ofisa alikuwa ameshachovya brashi.

"Umekauka, mzee."

"Mimi? Mwanangu, mimi nimekauka tangu hujazaliwa. Mbona hamkuja mapema?"

"Alhamisi wanakuja wanunuzi wa hewa kutoka ng'ambo kuukagua msitu. Miti mikavu inaondolewa asubuhi, kabla hawajafika. Kaa tayari."

X ikachorwa kifuani, kutoka bega hadi kiuno. Mzee akaiangalia, akasema, "Angalau hii wameinyoosha." Mwasiti alikuwa akivuta uzi ule ule, akiuvuta na kuuvuta, na sindano haikuwa na kitambaa.

*

Jumanne Mwasiti akang'oka. Akavuka barabara kuu akiwa amejitanda kanga mbili kuficha namba, akaingia kwenye jengo lenye maandishi OFISI YA RUFAA ZA MIMEA. Dirishani alikaa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sikuoni," akasema yule mama, macho kwenye karatasi zake.

"Niko hapa, mama. Nimekuja kwa ajili ya baba yangu. Namba mia nne na kumi na mbili. Wamemchora, lakini hajakauka, ni kifua tu..."

"Rufaa huletwa na mti wenyewe."

"Basi nitamleta kesho."

"Ukija hapa utakuwa umeng'oka. Uliong'oka haukatiwi rufaa."

"Sasa mti unakataje rufaa?"

"Unasimama ulipo na kusubiri ofisi ikupitie."

"Ofisi inapita lini?"

"Haijawahi." Yule mama akageuza karatasi. "Na wewe, binti, namba yako inaonekana kwenye upindo wa kanga. Ndiyo maana nakwambia sikuoni. Nikikuona itabidi niandike."

Mwasiti akafunga mdomo kwa kanga ili kilio kisitoke na sauti. Hakuondoka. Yule mama akaangalia mlango, akaangalia dari, akaongea na muhuri wake kana kwamba ndio uliouliza.

"Kanuni ya kumi na moja. Mti mkavu ukionekana na jani, alama inafutwa. Ndiyo hiyo tu. Mtu akinisikia nikisema hivi, nilikuwa naimba. Toka kwa mlango wa nyuma."

*

Jumatano nzima Mwasiti alikata majani. Mabaki ya magwanda yalikuwa yamejaa mfuko, vipande vya makwapa na pindo, na mtu pekee aliyeruhusiwa kushika kijani Matofalini alikuwa yeye, kwa kibali chenye nakala tatu. Alikata majani marefu na mafupi, akayapiga mshono wa katikati yakawa na uti, akayashona kwenye koti la baba yake, mstari kwa mstari, kuanzia kola.

"Mwanangu, nitaonekana kama fungu la mchicha."

"Baba, tafadhali."

"Wakinimwagilia je?"

"Baba."

Mzee akamtazama. Mkasi ulikuwa ukilia wenyewe mikononi mwa binti yake. Akaacha mzaha. Akaokota majani yaliyoanguka sakafuni, akaanza kumpa moja moja.

Alhamisi saa moja lori likasimama mlangoni. Ndugu Fumbwe akashuka mwenyewe. Akamzunguka Mzee Shebe mara mbili, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kanuni ya kijani, kisha ya kumi na moja, huku midomo ikicheza. Akavuta jani moja. Halikutoka. Mshono wa Mwasiti haukuwa wa mchezo.

"Amechipua," akasema, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. "Futa."

X ikapakwa nyeupe.

Saa nne wakafika wageni wawili wenye kofia pana, na droni ikaanza kuzunguka juu ikivuma kama nyuki. Mtaa mzima ulisimama, mikono imenyooshwa. Wageni walipita kati ya watu wakiandika na kusifu. Mmoja, jua lilipomchosha, alitundika begi lake kwenye mkono wa fundi viatu, akajipepea.

Walipofika mbele ya Mzee Shebe, Mwasiti akaona kifua cha baba yake kinapanda na hakishuki. Akaujua huo ukimya. Mishipa ya shingo ilimtoka mzee, macho yakajaa maji. Kikohozi kilikuwa njiani. Na mti unaokohoa mbele ya wanunuzi, hata wenye majani elfu, nani angeuokoa?

Mwasiti akakohoa yeye kwanza. Kidogo, kwa woga, kama mtu anayebisha hodi. Kisha Bi Chausiku akakohoa. Fundi viatu akakohoa, begi likacheza. Mstari mzima ukakohoa, kisha mtaa, watu mia sita wakikohoa kwa nguvu zao zote, na katikati ya kelele hiyo Mzee Shebe akakohoa cha kwake mpaka kikaisha.

Mgeni akauliza kitu. Ndugu Fumbwe, uso umemvimba, akamjibu kwamba huo ni upepo wa kaskazini, unavuma msimu huu.

Mgeni akafurahi, akaandika. Kisha akalishika koti la Mzee Shebe kwa vidole viwili, akaongea kwa muda mrefu, na Ndugu Fumbwe akawa anaitikia kwa kichwa, akiitikia zaidi na zaidi. Wageni walipoondoka akapanda juu ya ndoo kuhutubia.

"Ndugu miti, hongereni! Wamependa. Wameomba hata msitu uongezwe. Ila wameuliza swali moja la kitaalamu: kama huu una majani, mingine kwa nini haina?" Akajifuta jasho. "Nimewaambia ni msimu. Jumatatu asubuhi nitapita na brashi. Mti utakaokutwa hauna jani umekauka."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Mheshimiwa," Mwasiti akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkubwa bila kuulizwa, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Kitambaa kimeisha."

"Changamoto!" Ndugu Fumbwe akasema kwa upole. "Omba kingine wizarani. Mchakato ni miezi minne tu. Na hongera sana, binti. Umeona fursa hiyo? Soko lote ni lako peke yako."

*

Ijumaa watu walianza kupanga foleni barazani kwake. Hawakumlaumu. Ingekuwa afadhali kama wangemlaumu. Walikuja na kuku, na sukari, na heshima waliyokuwa hawajawahi kumpa. Waliomjua tangu akiwa mtoto wakaanza kumwita mama. Wengine walisimama tu, wakiangalia mfuko wa mabaki ambao haukuwa na kitu isipokuwa nyuzi. Mwasiti alikuwa amemwokoa mtu mmoja, na sasa mtaa mzima ungekwenda na lori kwa sababu ya ushonaji wake. Akajifungia ndani, akakaa chini nyuma ya mlango.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akasikia sauti ya wembe. Akatoka. Mzee Shebe alikuwa amekaa barazani, koti mapajani, anafumua.

"Baba! Unafanya nini?"

"Kanuni inataka jani. Nimeisoma mara tatu. Haijasema mangapi." Akang'oa moja, akampa mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni. "Mimi nimevaa msitu mzima, watu wengine uchi. Hiyo ni haki? Kaa hapo, ushone."

Mwasiti akakaa. Mzee akafumua, yeye akashona, jani moja kwenye kila kifua. Pale majani yalipoonekana hayatatosha wakayakata katikati, kisha mara nyingine, mpaka jani likawa dogo kama ukucha wa kidole gumba. Bi Chausiku alikuja mwisho na akasema yeye hataki, wampeleke tu alikopelekwa mwenzake. Mzee Shebe akamshika bega.

"Na gunia utamwachia nani?"

Bi Chausiku akalia, kisha akatoa kifua.

Yakabaki majani mawili. Uzi wa kijani ulikuwa umeisha, kwa hiyo Mwasiti akalishona la baba yake kwa uzi mwekundu, akaufunga fundo mara tatu.

*

Jumatatu, kabla ya ukaguzi, maofisa walikuja na habari njema. Ombi la wageni lilikuwa limekubaliwa, ramani ilikuwa imeongezwa upana Ijumaa, na sasa barabara kuu, kituo cha mafuta na nusu ya soko vilikuwa msitu. Watu wa huko waliletwa uwanjani wakiwa hawajui kinachoendelea, rangi haijakauka mgongoni. Mmoja wao alikuwa kijana mwalimu, Gervas, aliyetoka nyumbani kufuata suruali yake kwa Mwasiti. Alikuwa akimuuliza kila mtu wanasubiri nini pale, na alipoambiwa, akaanza kujipapasa mifukoni kama mtu anayetafuta jani.

Walipangwa mistari miwili inayotazamana, kama mipapai: miti dume huku, miti jike huku, hatua kumi katikati. Lori lilikuwa linanguruma langoni. Ndugu Fumbwe akatangaza kwamba ukaguzi umeanza, na atakayeondoka mahali pake ameng'oka.

Akaanza na mstari wa wanaume. Aliinama mbele ya kila kifua, akitafuta.

"Hili ni jani?"

"Ni jani, Mheshimiwa."

Akafungua kitabu. Akasoma. Akafunga. "Pita."

Brashi ilikuwa ikidondosha matone mekundu kwenye viatu vyake. Kadiri alivyosonga ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mweusi kwa hasira, maana ndoo ilikuwa imejaa na hakuna aliyekauka. Wale wa barabara kuu nao walikuwa na majani. Mwasiti hakuelewa. Kisha akaelewa: watu wa mstari wote walikuwa wamekata majani yao tena, wakawapa hao wapya vipande.

Ndugu Fumbwe akamfikia Gervas, aliyekuwa wa mwisho kuletwa na kusimamishwa karibu na mwisho wa mstari. Akainama. Akaona jani.

"Pita."

Mwasiti naye akaliona jani lile kutoka upande wa pili. Lilikuwa zima, halikukatwa tena kama mengine, na limeshikiliwa kwa pini. Pembeni yake zilining'inia nyuzi mbili nyekundu.

Baada ya Gervas, mwisho kabisa wa mstari, alisimama baba yake. Koti lake lilikuwa limejaa matundu madogo ya sindano, safu kwa safu, na halikuwa na jani hata moja. Alikuwa anatazama mbele, mgongo wake ameunyoosha kadiri ulivyokubali. Alipokutana na macho ya binti yake akamkonyeza, kama alivyokuwa akimkonyeza zamani akiwa mdogo, radi ikipiga, kumwambia kwamba si kitu.

Ndugu Fumbwe akasogea hatua moja. Akainama. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu, akachovya brashi.

Mwasiti alikuwa na jani kifuani. Alikuwa amesimama mahali pake. Kwa kanuni zote za nchi hiyo alikuwa salama, na hakuna ambaye angemlaumu. Akashika jani lake, akalivuta, mshono ukakataa. Akavuta tena, kitambaa cha blauzi kikachanika nalo.

Mguu wa kulia ulikataa. Akaanza na wa kushoto.

Mtu mmoja kwenye mstari akavuta pumzi. Ofisa mmoja akapiga filimbi. Hatua kumi hazikuwahi kuwa ndefu namna ile. Mwasiti aliiogopa filimbi, aliliogopa lori, aliiogopa brashi iliyokuwa imesimama hewani, aliogopa hata sauti ya ndala zake mwenyewe kwenye vumbi.

"Rudi mahali pako, mwanangu," Mzee Shebe akasema. Mzaha ulikuwa umemtoka wote. "Mwasiti. Nakuomba. Rudi."

"Naogopa, Baba," Mwasiti akajibu, na hakusimama.